Miaka 13 natafuta digrii, nimebakiza kozi mbili na risechi. Nimalizie au nifunge tu?

MamaSteshenari ameandika:

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi humu ni msomaji wa miaka mingi tu, huwa nasoma napita, leo imebidi niandike. Naomba mnivumilie itakua ndefu.

Nna miaka 31, watoto wawili, nina steshenari ndogo karibu na geti la chuo kimoja hapa Dar. Fotokopi, kuprinti, kubaindi, picha za pasipoti, na msimu wa udahili nawajazia madogo maombi ya chuo. Form four nimemaliza 2012. Wa rika langu washajua naongelea nini. Matokeo yalitoka Februari 2013, sita katika kila kumi tukala ziro, nchi nzima kelele, tume ikaundwa, mwezi wa tano yakatangazwa upya. Mara ya kwanza nlikua na ziro ya pointi 34 (pointi zikipungua ndo nafuu), kale ka D kamoja ka Kiswahili ndo kalikua kananitazama peke yake. Yalipotangazwa upya nikapanda mpaka divisheni four ya pointi 32, yani D tatu, na marehemu baba akachinja kuku. Four ya 32 jamani! Kuku kabisa!

Sasa D tatu hazikupeleki popote, hata cheti wanataka nne. 2013 nikakaa home nauza vitumbua na mama, 2014 nikarudia masomo matatu kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea), ule mwaka wa mambo ya GPA na B+, nikatoka na C moja na D mbili. Ndo mana namba zangu za mtihani ni mbili, moja inaanza na S nyingine na P, zote nimezishika kichwani kuliko namba ya simu ya mume wangu. Nikaenda cheti cha utunzaji kumbukumbu, mwaka. Nikaunga diploma, miaka miwili, nikamaliza 2018 na GPA ya 2.7. Digrii wanataka 3.0. Hiyo nukta tatu imenila mwaka mwingine mzima, nikaingia Foundation (kozi ya maandalizi ya digrii) pale Chuo Kikuu Huria, hiyo nashukuru nilifaulu vizuri tu, alafu 2020 nikaanza digrii ya hizo hizo kumbukumbu chuo kingine (jina niacheni nalo), masomo ya jioni.

2021 mimba ya pili, nikaahirisha kwa barua, safi. 2022 nikarudi, nikakeri kozi mbili (zikabaki zinanidai) mana nlikua nanyonyesha na paper ilikua saa tatu asubuhi nikafika saa nne kasoro. 2023 baba akaanza kuumwa, ada nlokua nimeweka ikaenda hospitali yote na mwezi wa kumi na moja tukamzika. Safari hii barua sikuandika. Nliacha kwenda tu. Mwanzoni nlikua nasema wiki ijayo, wiki ijayo, nimekuja kushtuka imeshakua mwaka na kitu.

Kwa hiyo zimebaki kozi mbili na risechi. Risechi nimefika chapta ya tatu, supavaiza wangu kahamia chuo kingine na simu hapokei. Ada inayodaiwa ni laki sita na nusu. Hiyo hela ninayo, iko kwenye kibubu cha duka, lakini ndo hiyo hiyo nlikua naitegea mashine ya pili ya fotokopi.

Kinachoniumiza zaidi, wakuu, mimi kwa mwaka nabaindi risechi za watu zaidi ya mia. Naprinti, napanga kurasa, napiga kava, naandika jina kwa dhahabu pembeni pale. Dogo aliyekuja kuniulizia joining instruction 2021 juzi kaja na risechi yake nimbaindie, ananiambia dada fanya haraka nawahi kukabidhi. Ukurasa ninaoupenda ni ule wa shukrani, kila mtu anamshukuru Mungu alafu mama yake alafu supavaiza hata kama walikua wanagombana. Wa kwangu nishauandika zamani. Risechi yenyewe haipo ila shukrani ipo, kurasa moja na nusu.

Mume wangu hajawahi kuniambia acha. Ila wiki iliyopita tuko mezani akaniuliza kwa upole kabisa, "hivi mama Nasri, ile shule yako iliishaga?" Nilishindwa kujibu, nikajifanya naongeza mchuzi.

Sasa nauliza, nilipe hiyo ada nimalizie, au ninunue mashine niachane na hii habari? Na mtu aliyepotea chuoni bila barua anarudije? Au nihamie Huria na hizo kozi nilizofaulu? Matusi sitaki, nishajitukana vya kutosha.

---

Kichwa_Ngumu ameandika:

Nunua mashine. Nimemaliza.

Sawa ngoja nifafanue kabla wale wa "elimu haina mwisho" hawajafika. Dada una biashara, una geti la chuo mbele yako, wateja wanakufuata wenyewe. Wenye digrii wanaamka saa kumi kupanga foleni za usaili, nafasi tano watu elfu. Kijiweni kwetu Tandika tuna boda watatu wana digrii, mmoja ni ya uhasibu, tukigawana hela ya kahawa tunampa yeye ahesabu. Laki sita na nusu ukiongezea unapata mashine ya mtumba nzuri tu. Fotokopi mia, ukipiga kopi mia tano kwa siku ni elfu hamsini, kwa mwezi siku ishirini na sita una milioni na laki tatu. Niambie digrii gani ya kumbukumbu itakulipa hivyo.

---

MamaSteshenari ameandika:

@Kichwa_Ngumu bosi wangu asante ila hujawahi kukaa steshenari wewe 😂 Kopi mia tano ni rimu nzima, rimu unanunua, wino unanunua, umeme LUKU inakimbia kama feni ya mochwari, mashine ya mtumba ikikwama roli fundi anakuja na bei yake. Alafu kopi mia tano kwa siku ni msimu wa mitihani na msimu wa risechi tu, wakifunga chuo nakaa nasuka nywele za wateja wa saluni ya jirani. Siyo kwamba hailipi, inalipa, ndo imenilea. Ila hiyo milioni na laki tatu ukiipata niite nije nikuajirie.

---

Mwl_Mpanda ameandika:

Marahaba binti yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimekusoma mpaka mwisho nikacheka kwenye hilo kuku, kisha nikanyamaza kidogo. Pole kwa kufiwa na mzee.

Nikueleze ya kwangu. Nilianza kazi na cheti cha Daraja A, shule ya kijijini huko Mpanda, enzi hizo Katavi bado haijawa mkoa (imekuwa mkoa 2012), sisi wote tulikuwa Rukwa. Huria ilikuwa imeshaanza, ilianzishwa kwa sheria ya 1992 na wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, lakini kwetu kule habari zilichelewa kama magazeti. Nikaingia Foundation 2001. Vitabu vya kozi vilikuwa vinakuja Sumbawanga, kituo cha mkoa, na mitihani huko huko. Mpanda mpaka Sumbawanga ile barabara ya vumbi, masika ni tope, basi lenyewe siku linajisikia. Mara nyingi nilipanda Fuso la mahindi, nakaa juu ya magunia na kitabu nimekifunga kwenye mfuko wa rambo kisilowe. Kuna safari moja tulilala njiani kwenye tope usiku mzima, nikaingia kwenye mtihani na matope yamekauka magotini, msimamizi akaniangalia akasema mwalimu kaa karibu na dirisha.

Nilifeli mara tatu kozi moja ya takwimu. Mara tatu. Mara ya tatu mke wangu aliniambia, baba fulani, hivi hizo takwimu zina ubaya gani na wewe? Nimemaliza digrii 2010. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, na hapo sikuwahi kusimama.

Faida? Ilikuwepo, sitakudanganya kwamba nilisoma kwa ajili ya hekima. Mwalimu wa cheti anaanzia TGTS B (ngazi ya mshahara wa walimu), wa diploma TGTS C, wa digrii TGTS D. Nilipobadilishiwa muundo mshahara ukapanda na pensheni yangu leo inahesabiwa huko. Na wakati ule wa uhakiki wa vyeti, 2017, walipoondolewa watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi, nilikuwa naona watu wazima wanapanda darini kutafuta cheti cha form four. Mimi bahasha yangu ilikuwa chini ya godoro, kila kitu kimo. Kwa hiyo hivyo vyeti vyako viwili, vya S na P, na cha Foundation, toa nakala, zipeleke kwa mwanasheria zithibitishwe, za asili usimpe mtu. Wewe una mashine, hilo halikugharimu kitu.

Kurudi kwenye swali lako, jibu langu unalijua.

---

Kichwa_Ngumu ameandika:

@Mwl_Mpanda shikamoo mwalimu. Nakuheshimu ila wewe ulikua umeajiriwa tayari, ulikua unasomea daraja. Yeye hana mwajiri, atambadilishia nani muundo? Hapo ndo mnapochanganya watu.

---

Mwl_Mpanda ameandika:

Marahaba. Hapo umesema kweli, nakubali. Kwangu kila kozi niliyofaulu ilikuwa na namba mbele yake, kwake haina.

---

Mzee_wa_Likoni ameandika:

Dadangu, huku Mombasa nako ni yale yale, majina tu ndio tofauti. Mimi KCSE, mtihani wetu wa form four, nilipata D+, na huku digrii wanataka C+, kwa hivyo nikaambiwa anza chini. Nikafanya satifiketi, nikafanya diploma, nikafanya digrii, kila moja na karo yake na kila moja na mkopo wake wa chama. Nilikuwa karani kwa kampuni moja pale bandarini, nyumbani Likoni. Feri yenyewe kuvuka ni dakika kumi, lakini kuingoja ni saa nzima, na hiyo saa ndiyo ilikuwa maktaba yangu wallahi. Watu wanasukumana, mkokoteni wa nazi unakupita miguuni, mimi nimeinua karatasi juu ya kichwa nasoma. 2021 wakatuletea daraja la kuelea pale Liwatoni, kila mtu anafurahi, mimi ndio nikakosa pahali pa kusomea.

Sasa sikiza mkasa. Nilipomaliza, jina langu halikuwa kwa orodha ya mahafali. Nauliza, naambiwa alama za somo moja hazipo. Nilifanya mtihani, niko na kitambulisho, nilitia sahihi, lakini alama zimepotea. Mwalimu mwenyewe alishaondoka. Nilizunguka hizo ofisi mwaka mzima na nusu, huyu ananituma kwa yule, yule yuko likizo. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kufagia, aliniambia makaratasi ya zamani huwekwa chumba fulani chini ya ngazi, tukaenda na karani tukayapata, kijitabu changu kiko pale na alama 61 juu kwa wino mwekundu.

Kwa hivyo hilo la msimamizi kuhama lisikutishe. Ofisi haihami. Enda uketi hapo mlangoni.

---

Msema_Kweli_ ameandika:

Hivi mmesoma vizuri jamani au mmekimbilia kulia tu. Mtu ana steshenari geti la chuo anabaindi risechi mia kwa mwaka. Hizo steshenari zote tunazijua, ndo viwanda vya kuandikia watu risechi. Dada niambie ukweli, hujawahi kuandikia mtu kwa hela? Alafu unakuja kulia yako imekwama chapta ya tatu.

---

MamaSteshenari ameandika:

@Msema_Kweli_ nilijua atatokea mtu.

Sitadanganya. Kuandika risechi nzima sijawahi. Ila kupanga marejeo, kurekebisha kizungu, kumtolea mtu meza za takwimu kwenye kompyuta, hiyo nafanya na nalipwa. Na kuna mmoja, mwaka juzi, alikua mjamzito amevimba miguu anakaribia kukosa muda, supavaiza kamwambia chapta ya nne haieleweki, akakaa pale kwenye benchi langu analia. Nilimuandikia. Data zilikua zake, madodoso yake, mimi nikaandika maelezo kurasa kumi na nane kwa siku tatu, akanipa elfu themanini. Akapata B+.

Hiyo B+ inaniuma mpaka leo, sijui niseme naionea wivu au naionea aibu. Usiku ule nilifungua ya kwangu nikaandika mistari miwili nikafunga.

---

Karatasi_Nyeupe ameandika:

Nafanya kazi ofisi ya usajili ya chuo, siyo chako, na siandiki kwa niaba ya chuo chochote. Nimesita kujibu kwa sababu ya hayo ya chapta ya nne. Ile kazi usirudie, ukikamatwa, yule dada naye anaweza kupoteza cheti chake hata akiwa ameshavaa joho. Nimesema, tuendelee.

Watu wa namna yako nawaona kila wiki. Wanaingia ofisini wameshika mkoba kwa mikono miwili, hawaketi mpaka uwaambie, na sentensi ya kwanza huwa "samahani mimi nilikuwa mwanafunzi hapa". Tatizo lenu kubwa siyo ada, ni barua. Aliyeahirisha kwa barua mfumo unamsubiri. Aliyepotea kimya kimya mfumo unamsoma kama ameacha, na hapo inabidi aombe kurejeshwa, na kurejeshwa kunapita kwenye vikao, na vikao vina tarehe zake. Kila chuo kina ukomo wa miaka ya kukaa kwenye programu, hilo ndilo la kwanza kuuliza, kabla hujalipa hata shilingi. Watu wanalipa ada kwanza wakidhani hela inafungua mlango, halafu kuirudisha ni kazi nyingine.

Kwa hiyo usilipe kesho. Kesho nenda idarani, siyo kwa mhasibu. Omba taarifa ya matokeo yako ya sasa iliyochapishwa, uone kwa macho ni kozi zipi zinakudai. Usitegemee kumbukumbu, nimeona mtu amekaa miaka miwili nyumbani kwa kozi ambayo alikuwa ameshafaulu kwenye sapu (mtihani wa marudio) na hakurudi kuangalia. Halafu mwandikie mkuu wa idara barua mbili tofauti, moja ya kuomba kurejea, nyingine ya kuomba supavaiza mwingine kwa sababu wa kwanza amehama. Ukichanganya kwenye barua moja itajibiwa moja tu. Kwenye ile ya kurejea ambatanisha cheti cha kifo cha mzee na nyaraka za hospitali kama unazo. Sababu ya kweli yenye karatasi inapita kuliko maelezo marefu. Toa nakala, wapigie muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yako ubaki nayo. Hii ya muhuri nisisitize, bila hiyo hujawahi kuandika barua.

Kuhamia Huria inawezekana, lakini kozi zako hawatazichukua zote kama zilivyo, watalinganisha maudhui na uzito wa kila moja, na mtu aliyebakiza kozi mbili akihama huwa anajikuta amebakiza nane. Hiyo iwe njia ya mwisho kama huko kwako muda umeisha.

Na risechi. Umesema kumbukumbu. Mada ni ipi?

---

MamaSteshenari ameandika:

@Karatasi_Nyeupe Mungu akubariki, hiyo sentensi ya "samahani mimi nilikuwa mwanafunzi hapa" nimeisoma nikaweka simu chini.

Mada yangu ilikua utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye vituo vya afya vya manispaa nzima. Supavaiza aliipenda. Ila kila kituo wanataka kibali, nikatoka na barua ya chuo nikaenda kwa katibu tawala, nikaambiwa subiri, nikapelekwa kwa mkurugenzi, nikaambiwa subiri, mwenzenu duka limefungwa siku nzima kila nikienda. Vituo kumi na mbili. Nilifika viwili.

---

Karatasi_Nyeupe ameandika:

Vituo kumi na mbili ni PhD ya mtu. Nani alikupitishia hiyo? Punguza. Ofisi mbili za watendaji wa kata, au kituo kimoja cha afya ukichimbe mpaka chini. Kwa digrii ya kwanza tunataka kuona unajua kuuliza swali na kulijibu, basi.

---

Mwl_Mpanda ameandika:

Naunga mkono. Tena binti, mbona kumbukumbu unazo hapo dukani? Wanafunzi wangapi wanakuja kwako kutoa nakala za vyeti kwa sababu vya asili vimepotea au vimeliwa na panya? Jinsi wanafunzi wanavyotunza nyaraka zao binafsi, hilo ni swali, na watu wake wanakuja wenyewe mpaka mezani kwako, na barua ya kibali ni ya chuo kimoja tu ambacho kiko hapo getini.

---

MamaSteshenari ameandika:

Mwalimu. MWALIMU. Wiki hii tu wamekuja wanne wanatafuta skani ya cheti cha kuzaliwa kwenye kompyuta yangu mana waliwahi kuskani kwangu mwaka wa kwanza, na ninazo! Nina faili la miaka sita limejaa vyeti vya watu, kila mtu na folda lake.

---

Msema_Kweli_ ameandika:

Hizo skani za watu unazihifadhi kwa ruhusa ya nani? Kuna sheria ya taarifa binafsi siku hizi, ya 2022.

---

Karatasi_Nyeupe ameandika:

@Msema_Kweli_ swali lako ni zuri kuliko ulivyokusudia. @MamaSteshenari liweke kwenye chapta ya kwanza.

---

Kichwa_Ngumu ameandika:

Mnampoteza mtoto wa watu. Haya laki sita na nusu iende, mashine je? Alafu akishapata hiyo digrii anarudi pale pale kwenye kiti cha plastiki kubaindi. Mimi sijasema asisome. Nimeuliza swali moja tu, itamfanyia nini, hakuna aliyejibu.

---

MamaSteshenari ameandika:

Ngoja nikujibu bosi mana hujanitukana.

Sijui. Nikisema ajira nadanganya, nafasi za makarani wa masijala nikiona zimetangazwa naomba ila sizilalii. Kama ni hela, hesabu yako ni mbovu kidogo ila mwelekeo uko sawa. Ila mimi hii kitu imeanza nikiwa na miaka kumi na nane na imekua sehemu ya watu kuniulizia. Nikienda kwetu Lushoto shangazi ananiuliza bado unasoma? Bado shangazi. Nikipata mtoto, bado unasoma? Msibani kwa baba, makaburini kabisa, mtu ananishika mkono ananipa pole alafu ananiuliza, na chuo vipi? Nimechoka kusema bado. Nataka siku moja nijibu jibu lingine, hata kama ni "nilimaliza na sina kazi".

Na kuna kitu baba aliniambia ile siku ya kuku. Mama alikua anamsema, unachinja kuku kwa ajili ya four? Akasema si wa four, ni wa ziro iliyoondoka. Ndo hivyo tu. Kuku wenyewe alikua mgumu, tulimla mpaka kesho yake.

---

Mzee_wa_Likoni ameandika:

Sasa hapo umenimaliza dadangu.

---

MamaSteshenari ameandika (siku 19 baadaye):

Wakuu nimerudi, nisiwe kama nilivyofanya chuoni.

Nilienda. Mara ya kwanza nilifika getini nikarudi, niseme ukweli, na geti lenyewe liko hatua mia kutoka dukani. Mara ya pili niliingia. Dada wa mapokezi kumbe ni mteja wangu, namprintia mialiko ya vikoba, akaniambia "kumbe wewe ni wa hapa?" Nikasema ndio. Matokeo yaliyochapishwa nimepata, na @Karatasi_Nyeupe ulijuaje, kozi inayonidai ni MOJA. Ile nyingine, ile ya paper niliyochelewa, nimepata 41, na mkuu wa idara ananiambia kwa kozi ile ambayo siyo ya msingi imehesabika. Kwa hiyo nimekaa miaka miwili naogopa kozi ambayo haipo.

Muda wangu haujaisha, ila umebaki kidogo, mwaka wa masomo ujao ndo wa mwisho. Barua mbili nimepeleka, mihuri ninayo. Kikao ni mwezi ujao. Mada mpya ameisoma akaniambia iandike kurasa mbili aione. Ada sijalipa bado, nasubiri kikao kama ulivyosema. Mume wangu nimemwambia, akaniuliza kwani ilikua haijaisha? Tukacheka.

Zile skani za watu nimeanza kuwapigia mmoja mmoja, unataka nikufutie au nikutunzie. Mpaka leo waliosema futa ni wawili tu. Mmoja ameniambia dada usifute kabisa, cha asili kiliungua na nyumba.

Mashine ya pili bado.

---

Kichwa_Ngumu ameandika:

Sawa. Nimeshindwa kwa kura, siyo kwa hoja.

Ila niulize kitu kingine, nina mdogo wangu anakabidhi mwezi wa saba huko huko upande wako, kubaindi kava gumu kopi tatu unafanya bei gani? Na usimuandikie chapta ya nne.